Silaha Imerudishwa, Sasa Tujenge Nyumba
Somo la kujifunza pamoja: ndoa na familia baada ya maisha ya vita

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya familia zilizohama makao yao na kwa viongozi wanaoishi nazo: machifu, wazee, wachungaji, maimamu, akina mama washauri na komite za kambi. Mtu anaweza kulisoma peke yake, lakini litamsaidia zaidi akilisoma na wengine katika kikundi kidogo, kwa mikutano miwili au mitatu. Anayejua kusoma awasomee wenzake.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo, washiriki wataweza:
- kueleza kwa nini nyumba nyingi zinasumbuka baada ya mpiganaji kurudi;
- kutaja mambo ambayo mume na mke wanapaswa kupatana upya;
- kujua kiongozi afanye nini, na asifanye nini.

Wazo kuu ni hili: silaha hurudishwa kwa siku moja, lakini mtu hurudi polepole. Mume na mke waliotenganishwa na vita hawawezi kuanzia pale walipoishia, kwa maana kila mmoja amebadilika. Wanahitaji mapatano mapya.

1. TUMETOKA WAPI

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999 katika territoire ya Djugu, kwa ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu, kisha vikawagusa majirani wote. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, mji wenyewe uligeuka uwanja wa mapigano. Juni mwaka huo walifika askari wa Ulaya wakiongozwa na Ufaransa, na tangu tarehe 1 Septemba 2003 MONUC ikachukua nafasi yao.

Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005, wapiganaji zaidi ya 15,000 wa Ituri waliweka silaha chini. Walipita katika vituo kama vya Aru, Mahagi, Kasenyi na Aveba, wakaitwa "demobe", wakarudi kwao. Wengi wao wako kati yetu hadi leo: wanaendesha pikipiki, wanalima, wanachimba dhahabu, wanalea watoto. Lakini baadhi walirudi porini. Sababu zilikuwa nyingi: kukosa kazi, kuogopa kisasi, wakubwa waliowaita tena. Sisi leo tunaangalia sababu moja ambayo hatuizungumzii sana, nayo ni nyumba.

Katika programu nyingi za namna hii duniani, mtu alihesabiwa kwa bunduki aliyoleta. Mwanamke aliyepika, aliyebeba mizigo au aliyebaki kijijini akilea watoto peke yake hakuwa na bunduki ya kuonyesha, kwa hiyo mara nyingi hakuhesabiwa. Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni mpya zinazosema kwamba wanawake hao, na wote wanaomtegemea mpiganaji, nao wahesabiwe. Kanuni ni nzuri. Ila kanuni haiingii ndani ya nyumba usiku, pale mume na mke wanapotazamana na kukosa la kusema.

Tangu Desemba 2017 mapigano yalirudi Djugu, kisha yakaenea, na watu zaidi ya milioni moja wakahama makao yao. Mwaka 2021 serikali iliunda programu mpya ya kuondoa silaha, ambayo ndani ya jina lake limewekwa neno jamii. Sisi tunasema: jamii huanzia nyumbani.

2. KISA CHA KUJADILIANA

Hiki ni kisa cha mfano. Hatukuweka majina, kwa sababu ni kisa cha nyumba nyingi.

Mume mmoja wa Djugu aliingia katika kikundi cha silaha akiwa na miaka 24. Alisema anaenda kulinda kijiji. Aliacha mke, watoto wawili na mimba. Kijiji kilipochomwa, mke alikimbilia Bunia. Miaka minne alikaa kambini katika nyumba ya turubai. Alianza kuuza samaki wa Ziwa Albert, samaki wachache kwanza, kisha kikapu kizima. Aliingia katika likelemba na akina mama wenzake. Mtoto wa kwanza akaanza shule. Wanawake wa kambi wakamchagua katika komite.

Siku moja mume akatokea. Watu walishangilia, kuku akachinjwa. Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu.

Wiki ya pili mume akauliza:
- Pesa ya samaki iko wapi?
- Baba watoto, nimeweka kwa likelemba. Zamu yangu ni mwezi ujao.
- Nani alikupa ruhusa?

Mke hakujibu. Mtoto wa tatu, ambaye hajawahi kumwona baba yake, alimwita "yule papa" na kujificha nyuma ya mama. Mtoto wa kwanza, mwenye miaka 12, akitumwa na baba, alimtazama mama kwanza. Usiku baba alilala na panga karibu na mkeka, akaamka akipiga kelele. Alianza kunywa lotoko. Jioni moja aliinua mkono akampiga mke wake mbele ya watoto.

Mke alikimbilia kwa mama mkwe. Mama mkwe akasema: "Binti yangu, vumilia, mwanaume ametoka mbali." Lakini mama mmoja mzee wa komite alipotazama uso wake uliovimba, akasema: "Leo analala kwangu na watoto. Mengine tutaongea kesho."

Wiki ileile mwenzake wa zamani alimpigia mume simu: "Unafanya nini huko? Huku una heshima yako."

Mke akakaa siku kadhaa kwa yule mama. Kisha, kwa kupenda kwake mwenyewe, alikubali waketi na wazee wawili na yule mama. Mume akasema: "Porini nikisema simama, watu wanasimama. Hapa hata mtoto wangu hanisikii." Mke akasema: "Mara mbili waliniambia umekufa. Mara mbili nililia matanga. Leo umerudi, na neno unaloniuliza ni pesa ya samaki."

Mume aliinama. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Hilo la matanga sikulijua."

Nyumba haikupona siku ile. Lakini walipatana mambo matatu: panga litakaa kwa mzee; pesa ya samaki itabaki mikononi mwa mke, na matumizi makubwa watayaongea wote wawili; na mume akisikia hasira inapanda, atatoka aende kwa mzee, hata kama ni usiku. Mke alisema wazi mbele ya wote kwamba akipigwa tena hatarudi. Mume hakumpigia simu yule mwenzake.

3. NI NINI KIMEBADILIKA?

Mwaka 1987 mwandishi Mmarekani, Kathleen Vestal Logan, aliandika kuhusu wake wa wanajeshi wa majini ambao waume zao husafiri miezi mingi. Alieleza hatua saba. Mwanamke huhuzunika kabla ya safari, huchanganyikiwa baada ya mume kuondoka, kisha husimama na kuendesha nyumba. Mume akirudi, shida haziishi: kuna hatua nzima ya kupatana upya juu ya ndoa, na baada yake tu ndipo nyumba inatulia. Wale walikuwa na mshahara, barua na tarehe ya kurudi. Ikiwa hata wao walihitaji kupatana upya, je, si zaidi sisi, ambao mtu huondoka bila kuaga na kurudi bila taarifa?

Mume amebadilika. Porini alizoea amri, si mazungumzo. Mwili wake umezoea hatari, hivyo mlango ukigongwa anaruka. Pengine ametenda mambo anayoona haya kuyasema. Hapa hana kazi, na heshima aliyoipata kwa bunduki imeondoka pamoja na bunduki.

Mke amebadilika. Amejifunza kuamua, kuuza na kusema mbele ya watu. Amebeba hofu na njaa peke yake. Anaweza kufurahi na kukasirika kwa pamoja: "Ulikuwa wapi siku ile tulipokimbia?"

Watoto wamebadilika. Mkubwa amekuwa kama baba mdogo. Mdogo hamjui huyu mgeni. Hawakosi adabu. Wamezoea maisha ambayo baba hakuwamo.

4. MAPATANO MAPYA

Ketini mkiwa mmetulia, si saa ya ugomvi wala baada ya pombe. Msimalize yote siku moja. Haya ndiyo mambo ya kupatana:

Kusikilizana. Kabla ya kuamua lolote, kila mmoja asimulie miaka aliyokuwa peke yake, na mwenzake asikatize. Mume asilazimishwe kueleza yote ya vita, wala mke yote yaliyompata njiani. Yasemwe yanayoweza kusemwa leo, mengine yangoje.

Pesa. Biashara iliyolisha watoto isivunjwe ili kuonyesha nani ni mkubwa. Mume aulize kwanza: "Inaendeshwaje? Nisaidie wapi?" Abebe mzigo, atafute samaki, atengeneze meza ya soko. Heshima ya kazi hukawia kuja, lakini hudumu.

Kazi za nyumbani. Mwenye kukaa bila kazi huku mwenzake anachoka huzaa uchungu. Kuchota maji au kuleta kuni hakumpunguzii mwanaume chochote. Na pale ambapo njia ya kuni ni ya hatari kwa mama na wasichana, kwenda nao ni ulinzi wa kweli.

Kitanda. Msiharakishe. Baada ya miaka mingi mwili unaweza kukataa, wa mume au wa mke. Ikiwa mke alibakwa, anahitaji muda na upole. Kosa si lake. Nendeni wote wawili kituo cha afya kupima Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa kabla ya kuanza tena, na msiende kwa kulaumiana.

Usiku. Ndoto mbaya, kushtuka, kukosa usingizi na hasira ya ghafula huwapata wengi waliopita vitani, na raia waliokimbia pia. Si lazima iwe uchawi, wala si udhaifu. Mke asimwamshe kwa kumshika ghafula. Amwite jina kwa sauti ndogo kutoka mbali kidogo. Yakizidi, au mtu akisema anataka kufa, mpelekeni kwa mhudumu wa afya bila kukawia.

Pombe. Lotoko hulaza mtu saa mbili, kisha humwamsha na hasira mara mbili. Patananeni juu ya jambo hili waziwazi.

Silaha. Bunduki, bomu, hata panga la kulalia, visikae ndani ya nyumba. Nyumba yenye silaha na hasira haina usalama.

5. WATOTO

Baba, usidai upendo kwa amri. Kaa karibu, kula nao, waulize habari za shule, wafundishe kazi ya mikono. Mama, usimtumie mtoto kupeleka maneno kwa baba yake, wala usimtishie kwa kusema "baba yako ni muuaji." Mtoto mkubwa aliyeshika nafasi ya baba ashukuriwe mbele ya wote kabla ya kupunguziwa mzigo: "Mwanangu, ulisimama mahali pangu. Asante. Sasa tutasimama pamoja." Mtoto aliyeshukuriwa namna hii hawezi kuona kwamba ameporwa kitu.

6. HALI NGUMU

Mume amerudi na mwanamke mwingine. Yule wa pili pengine naye hakuchagua. Msimfukuze usiku na mtoto mgongoni. Sheria ya Kongo haitambui ndoa ya wake wengi, lakini sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inawahesabu watoto wote kuwa sawa. Wazee waketi na familia zote, na kila mwanamke aulizwe anataka nini.

Mke ana mtoto aliyezaliwa mume akiwa hayupo. Labda alibakwa, labda aliambiwa mume amekufa, labda njaa ilimsukuma. Mtoto hana kosa, na hesabu ya makosa ikianza haitaishia kwa mke peke yake. Mume anayempa mtoto huyo chakula katika sahani ileile na wenzake amefanya kazi kubwa ya amani.

Msichana amerudi kutoka porini na mtoto. Watu humwita "mke wa askari". Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilionyesha ukweli ulio tofauti. Tarehe 8 Julai 2019 ilimhukumu Bosco Ntaganda kuwa na hatia, na kati ya makosa yake ni ubakaji na utumwa wa ngono waliofanyiwa watoto askari ndani ya kikundi chake mwenyewe, hapa Ituri. Msichana aliyechukuliwa kwa nguvu hakuolewa. Alitendewa kosa la jinai. Familia isipokee mahari kwa aliyemteka ili "kumaliza maneno".

Mke anapigwa. Usalama kwanza, mapatanisho baadaye, na tena kwa hiari yake. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia Ukimwi. Hata baada ya saa hizo aende, kwa kuwa matibabu mengine yapo. Neno "vumilia" limezika wanawake wengi.

7. KAZI YA VIONGOZI

Jirani zetu Waacholi, kaskazini mwa Uganda, waliwapokea maelfu ya vijana waliotoka porini. Katika desturi yao, anayerudi hukanyaga yai mbichi lililowekwa pamoja na tawi la mti wa opobo na layibi, fimbo ya kufungulia ghala. Yai ni usafi, tawi ni kutakaswa, na fimbo ya ghala inamwambia: utakula tena pamoja nasi. Hata sisi tuna desturi zetu za kupokea, na sala zetu. Zitumieni. Lakini kumbukeni kwamba sherehe inafungua mlango tu. Kuishi ndani ni kazi ya kila siku.

Kiongozi mwema:
- hutembelea nyumba ya aliyerudi wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita, si siku ya kuku tu;
- huongea na mke peke yake pia, na hatangazi aliyoambiwa;
- huweka mama mmoja mzee katika kila kikao cha ndoa;
- humtafutia aliyerudi mwenzake aliyetulia zamani, wa kumsindikiza;
- huwakumbuka majirani walioumizwa, kwa sababu kumpokea aliyerudi hakufuti haki ya aliyepoteza wake.

Kiongozi asimlazimishe mke kurudi, asipokee pesa ili kufunika ubakaji, na asimwite mtu "demobe" miaka yote kana kwamba hana jina.

8. MAMBO YA SHERIA KWA UFUPI

- Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tangu hapo mke hahitaji ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Mume na mke wanatakiwa kukubaliana.
- Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18, kwa wote.
- Mtoto aandikishwe kwa afisa wa état-civil ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Watoto waliozaliwa porini au kambini wasisahauliwe, maana bila karatasi watasumbuka kesho.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa chetu, ni wakati gani mume alianza kurudi kweli? Kwa nini?
2. Mama mkwe na mama wa komite walitoa majibu mawili. Katika kambi yetu, ni lipi tunalosikia zaidi?
3. Yule mwenzake wa porini aliahidi heshima. Sisi tunampa aliyerudi heshima gani isiyohitaji bunduki?
4. Je, kuna nyumba karibu nasi iliyopokea mtu mwaka huu, na hakuna aliyeitembelea tena?

Zoezi la nyumbani. Mume na mke, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja alilolifanya vizuri wakati walipokuwa mbali, na jambo moja ambalo lingali linamwuma. Siku hiyo msijibizane. Sikilizeni tu, mshukuru, mlale. Kesho yake mtaanza kupatana.

Wapendwa, amani ya Ituri imetiwa sahihi mara nyingi juu ya karatasi. Ile inayotiwa ndani ya nyumba haina karatasi, na ndiyo inayomfanya mtu akatae simu ya usiku. Tunawatakia nyumba zenye utulivu.